Yai Ndani ya Plastiki

Nimedharau vitu vingi katika maisha yangu, na sijuti. Nimedharau wanaume wanaovaa suti nyeupe kupita kwenye vumbi la Kingamyambo, kana kwamba vumbi litawapisha. Nimedharau jirani zetu wa Kapata, hapa Kolwezi, ambao televisheni yao ina mwaka wa tano na plastiki ya kiwandani bado iko juu yake. Lakini hakuna nilichokidharau kwa moyo wote kama lile roli la plastiki angavu ya kufungia vitu ambalo mtoto wa mjomba wangu alilileta kwetu, amelikumbatia kifuani utadhani ametoka nalo kubatizwa.

Baba yangu, tata, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi. Kazi ilipokwisha alibaki na nyumba ya Kapata na mikono yake, basi. Akaanza kusugua malashiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo wachimbaji wanalikanyaga wakitafuta shaba. Alitengeneza mayai, mioyo, visahani vya majivu. Mi nilikulia hapo, nikisugua pamoja naye. Watu walipomuuliza kwa nini binti anafanya kazi ya mawe, alijibu: "Jiwe haiulize kama weye ni mwanamuke."

Kazi yenyewe haina haraka. Unaanza na msasa mkali, unafuata msasa laini, kisha laini zaidi, na maji kila mara. Mwisho ni kipande cha ngozi ya ng'ombe, kutwa nzima, mpaka bega likulilie. Halafu kuna kipimo cha tata. Alikuwa anasimama sebuleni, analigeuza yai lielekee dirisha, na hakutazama kijani hata kidogo. Alitazama vyuma vya dirisha vinavyoonekana juu ya yai. Vikionekana vikali, kila chuma peke yake, yai limekwisha. Vikiwa na ukungu, unarudi kwenye msasa na hunung'uniki.

Mtoto wa mjomba hakutaka bega limlilie. Alilipitisha jiwe kwenye msasa mara mbili, akalipaka mafuta ya kupikia, akalifunga kwenye plastiki, akawasha mashine ya kukaushia nywele. Plastiki ikajikunja, ikabana jiwe kote. Kufumba na kufumbua, yai likawa linameremeta.

"Tata, angalia vile inang'ala," alisema.

Tata alilishika, akapitisha kidole gumba chini yake mpaka akakutana na mshono. Akacheka. "Hii ni yai, ao ni bonboni?"

Mi nilicheka kuliko yeye. Nikamwambia yule kijana: "Enda nayo ku masomo, upatie batoto balambe!" Nilicheka mpaka akakusanya vitu vyake na kuondoka, na vipande vya plastiki akaviacha sakafuni.

Hakwenda kwa watoto wa shule. Alikwenda mjini, kwenye duka la mama mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka Maniema zamani. Mama huyo anauza vitambaa na sabuni, na karibu na mlango ana rafu moja ya malashiti kwa ajili ya wageni wa hoteli. Rafu hiyo ilikuwa ya tata miaka yote. Ndiyo iliyomwamsha asubuhi, ndiyo iliyomfanya anyoe ndevu. Basi mama akatuma ujumbe: rafu ni moja, watu wamekuwa wawili, kila mmoja alete yai lake Jumamosi, yeye atatazama na kuchagua.

Tata hakuogopa. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, akaenda kunywa chai. Aliyeogopa ni mi.

Niliogopa kwa sababu nilijua mambo mawili. La kwanza, tata alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mlango aliuona, mtu alimwona, lakini vyuma vya dirisha juu ya yai hakuviona tena. Hakukiri. Alisimama palepale sebuleni, akaligeuza yai kama zamani, kisha akaniuliza, "Unaona?" Nami nikajibu, "Naona, tata." Mwanzoni niliona kweli.

La pili ni hili: ngozi ya ng'ombe nilikuwa nimeiacha. Niligundua kwamba ukilianika jiwe juani likapata moto, kisha ukalipaka nta ya mshumaa na kulipangusa kwa kitambaa, linang'aa vizuri tu, na bega halina habari. Tata alipitisha kidole, akakuta panateleza, akaridhika. Wale wageni nao, niliwaza, wanajua nini? Watu wanaovaa kofia ya chuma ya mgodini kwenye meza ya chakula! Niliwadharau kiasi kwamba niliona nta inawatosha.

Wiki ile niliokota kipande cha plastiki sakafuni. Nilitaka nikijue ubaya wake vizuri, ili nikitukane kwa ushahidi. Nikakaa mlangoni mchana, nikakiweka juu ya gazeti kuukuu. Herufi zilisomeka. Nikaweka kando yake mfuko wa mkate, nao ukaonyesha herufi vilevile. Nikafurahi: si ni sawasawa! Kisha nikaviinamisha vyote viwili kuelekea mbinguni. Kwenye mfuko wa mkate mbingu ilikuwa weupe tu. Kwenye ile plastiki ya kijana niliona waya wa umeme, na ndege aliyekaa juu ya waya, na mkia wa ndege. Kumbe kuonyesha kilicho chini ni jambo moja, na kung'aa ni jambo lingine.

Nikaikwangua kwa msasa, mara moja tu. Ikawa nyeupe kama jicho la tata. Ndani hakuna kilichotoka wala kilichoingia. Ni ngozi ya juu tu iliyochubuka. Nikapaka tone la mafuta, mng'ao ukarudi. Nikaosha kwa sabuni, ukaondoka. Basi nikaelewa, na sikupenda kuelewa. Mng'ao haumo tumboni mwa kitu. Pale juu pakiwa sawa, mwanga unarudi wote kwa njia moja. Pakiwa na mikwaruzo, mwanga unatawanyika kama wachimbaji waliosikia polisi wanakuja. Plastiki inatoka kiwandani ikiwa laini tayari, hakuna aliyeitolea jasho. Jiwe lazima ulilipie kwa bega. Na nta? Nta ni ngozi teketeke, inashika kila kidole na kila vumbi. Plastiki ya yule mjinga ilikuwa safi kuliko kazi yangu.

Nilikuwa na siku mbili. Kipande cha ngozi kilining'inia msumarini, mbele ya macho yangu. Sikukigusa. Ningekishika, tata angesikia sauti ya kusugua na kuuliza kwa nini yai lililokwisha linasuguliwa tena. Wanasema nyani haoni kundule. Mi langu nililiona, nikalikalia.

Jumamosi tulipanda pikipiki kwenda mjini, yai limo ndani ya kitambaa, mapajani mwangu, jua kali na vumbi la malori njia nzima. Mama alituamkia vizuri, akampa tata kiti, lakini tata alikataa kuketi. Mayai yakawekwa juu ya meza, yakielekea mlango wenye vyuma. Wateja watatu wanne wakasogea, maana watu wa Kolwezi hawapitwi na jambo.

"Mama, usiangalie kijani," tata alisema. "Angalia byuma bya mulango."

Mama akainama. Nami niliinama naye, sikuweza kujizuia. Kwenye yai la plastiki kila chuma kilisimama peke yake, mpaka na mwanamke aliyepita barabarani na beseni kichwani. Kwenye yai letu palikuwa na ukungu, vumbi, na alama ya kidole changu gumba, yote, mistari yake yote.

Tata alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, kifua mbele. Akanyoosha kidole kwenye yai letu. "Munaona vile byuma biko safi?" aliwaambia watu. "Mutoto wangu njo alimaliza ile."

Wateja wakageukia vitambaa. Hata mtoto wa mjomba, ambaye nilikuwa nimejiandaa kumzaba kofi, alitazama viatu vyake. Mama akainua uso, akanitazama mi.

"Naona, tata," alisema. "Ni kazi muzuri sana. Lakini rafu nitamupatia huyu."

"Juu ya nini?" tata aliuliza, akitaka sababu.

"Bageni banapenda plastiki, tata. Vumbi haiingie."

Alinifunikia aibu, mbele ya watu wote, mtu ambaye sikuwa na udugu naye. Na mi nilimlipa nini? Tulipotoka nje, tata alisimama kando ya barabara, amepotewa, akaniuliza: "Yee amesema ni muzuri. Sasa juu ya nini?" Ilikuwa nafasi yangu. Nikasema: "Leka, tata. Ule mama hajue jiwe. Anajua sabuni tu."

Akacheka. Akapona kabisa hapohapo, akapanda pikipiki akiwa anacheka.

Tangu siku ile tunamdharau yule mama nyumbani kwetu. Tata anaanzisha, mi ninamwongezea maneno, kwa sababu maneno ya dharau ninayo, namshukuru Mungu. Mwezi uliopita tata aliugua, akalala siku tano. Mama alisikia, akafunga duka, akaja mwenyewe Kapata na supu ya kuku. Tata hakugeuka hata kumwangalia. "Mwambie sitaki chakula ya mutu hajue jiwe," alisema ukutani.

Mama alisikia yote. Nilimrudishia sufuria mlangoni, bado ya moto, akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama tata anapata usingizi. Nikamwambia anapata, nikafunga mlango.