Tisa ya Upande wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya kutwa huko Uriri, Mkuu wa Idara ya Hisabati alinipa vipande viwili vya chaki na onyo juu yake. "Madam, hapa tunafundisha fomula. Hayo mengine ya chuoni yaache huko huko chuoni." Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mbichi na mbishi. Nikasema ndiyo, Mwalimu, kisha nikaenda Kidato cha Tatu kufundisha hayo mengine.

Hayo mengine ni kukamilisha mraba. Nyinyi mnaobonyeza simu mkapata jibu, sikieni. Chukua mlinganyo wa kipeo cha pili, yaani ule wenye x iliyozidishwa kwa x: x² + 6x = 7. Niliwachorea shamba la mraba, kila upande x. Ile 6x ni ukanda wa kando wenye upana wa sita. Ukate katikati, tatu na tatu, kipande kimoja ukibandike kulia, kingine chini. Shamba linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja ina pengo la tatu kwa tatu. Lijaze kwa tisa. Mraba umekamilika! Darasa lilipiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Mtihani wa muhula ulinishusha. Karibu darasa zima walijaza tisa kushoto, kulia wakaiacha saba yao vile vile. Nilikuwa nimewaambia mara mia: unachoongeza upande huu, ongeza na ule. Lakini mtu wa Uriri akijaza kona ya shamba lake, kwa nini amgawie na jirani? Mfano wangu mwenyewe ndio uliowapoteza.

Mkuu wa Idara alinitupia karatasi mezani. "Nilikuambia nini? Wakirudia kosa hili mtihani ujao, darasa nalichukua. Na ripoti yako ya majaribio nitaiandika nilivyoona." Bila ripoti nzuri nisingethibitishwa kazini. Niliogopa, sitawaficha. Nilijifungia stoo ya vitabu nikalia.

Kesho yake niliingia darasani na hasira zangu. "Hii tisa ya kulia huwa mnaila?"

Akinyi, msichana wa dawati la nyuma asiyefungua kinywa, akasimama.

"Madam, baba yangu ana nyumba mbili. Akipeleka kilo ya sukari kwa mikayi, mke wa kwanza, lazima apeleke kilo kwa nyachira, yule wa pili. Asipopeleka, boma halikaliki."

"Atalala na ng'ombe!" mmoja akadakia. Wakaangua kicheko.

Akinyi hakucheka. "Mama yangu ndiye nyachira," akasema. "Baba husahau."

Kicheko kikakatika. Nikamnyooshea chaki. Akaja ubaoni, akaandika tisa kushoto: kwa mikayi. Tisa kulia: kwa nyachira. Saba na tisa, kumi na sita. Kwa hiyo x + 3 ni nne, au hasi nne. X ni moja, au hasi saba. Akarudi kuketi.

Mtihani uliofuata, Mkuu wa Idara aliusahihisha mwenyewe. Alinijia na karatasi mkononi. "Madam, nyachira ameingiaje kwenye hisabati?"

"Ni upande wa kulia, Mwalimu. Hawausahau tena."

Akakohoa. Yeye mwenyewe alikuwa na nyumba mbili, na shule nzima ilijua. Lakini haki yake nampa: ripoti aliiandika vizuri, na tangu siku hiyo aliniacha nifundishe nipendavyo. Mzee yule nilikuja kumpenda.

Baadaye nilihamishiwa Migori mjini, kisha Rangwe, ambako nimestaafia. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, wakali kwa wapole, na majina ya wengine yameshanitoka. La Akinyi halijanitoka. Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali. Sasa ni mwalimu wa hisabati, tena mkali. Tulikunywa chai, nikamchokoza.

"Na wanafunzi wako, ile tisa ya pili huisahau?"

"Kila mwaka, Madam."

"Huwachapa?"

"Aa, sichapi. Nawaandikia kwa kalamu nyekundu, pale pale kulia: Na kwa mama yangu?"