Jina Asilolitamka Teodora

Teodora wa Butimba, anayewauzia wanachuo chai na maandazi, ana mdomo. Mwanachuo akilalamika kwamba maandazi yamepungua ukubwa, atajibiwa kuwa labda ni tumbo lake lililoongezeka. Ila lilikuwapo jina moja ambalo mdomo huo haukuwahi kulitamka, nalo ni la mtoto wake mwenyewe.

Msishangae. Alipoolewa na Maige alifundwa kwamba mke hatamki jina la mama mkwe, hata kwa bahati mbaya. Akakaa miaka mingi bila mtoto, akisemwa na kila mwenye ulimi. Alipojaliwa binti, ukoo ukampa mtoto jina la bibi yake: Kashindye. Hapo ndipo alipokwama, maana kumwita mwanawe kungekuwa kumwita mama mkwe kavukavu. Basi akamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Shuleni akamwandikisha Queen. Baba na bibi waliita Kashindye kwa raha zao, na Teodora aliona wivu, tena mkali. Alijiona amezaa mtoto wa watu.

Mtoto alipoanza darasa la kwanza, malaria ikampanda kichwani. Degedege likamshika asubuhi, wakafika hospitali hajitambui. Dawa zilituliza degedege, lakini hakuamka. Akalazwa wodi ya watoto mahututi, na nesi Sheetal, binti wa wenye duka la vitambaa mjini, akambandika nyaya nyembamba kichwani kwa gundi. Nyaya ziliunganishwa na mashine inayochora umeme wa ubongo, mistari ikipita taratibu kwenye kioo.

"Mama, hii haimtibu," Sheetal alieleza. "Inatuonyesha tu ubongo unafanyaje kazi, na kama degedege linaendelea kichinichini. Akisikia kitu, mistari inaweza kubadilika. Hebu mwite."

Teodora akainama. "Queen! Queen mwanangu!"

Mistari ikaendelea vilevile, mikubwa na mizito.

"Nyumbani mnamwitaje?"

Teodora akatazama sakafu. "Bibi yake anakuja, dada. Yeye ndiye anayeweza kulitaja."

Mama mkwe akafika mchana kutoka Misungwi. Teodora akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Bibi akajiweka sawa, maana leo jina lake lilikuwa na kazi. "Kashindye! We Kashindye!" Hakuna kilichobadilika. Akaita tena, sauti ikamkatika. Akamgeukia mkwewe. "Mwite wewe. Litaje tu, mwanangu. Mimi mwenye jina nimekuruhusu."

Ruhusa hiyo Teodora alikuwa ameitamani tangu alipojifungua. Akapiga moyo konde. "Kashindye," alisema, na jina likampwaya mdomoni kama kiatu cha kuazima. Mistari ikapita vilevile. Ndiyo hivyo basi, aliwaza, sina changu hapa. Akaegemea kitanda, akamsahau nesi, akamsahau mkwe, akasema kama anavyosema kila asubuhi: "Mayu. Mayu wangu, amka, chai inapoa."

"Ngoja," Sheetal alisema.

Mistari ilikuwa imekuwa midogo midogo, ya harakaharaka, kisha ikarudi ilivyokuwa. Sheetal akawanyamazisha wote, akasubiri itulie kabisa. "Sema tena, hivyohivyo."

"Mayu."

Ikabadilika tena.

"Anakusikia, mama. Hajaamka, na siwezi kukuahidi kwamba ataamka. Lakini anakusikia. Mbona hukuniambia anaitwa Mayu?"

"Dada, hilo si jina," Teodora alisema. "Ni la kukwepea tu."

Bibi akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Kumbe ndilo jina lake," alisema, bila kinyongo.

Teodora akavuta kiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: alikuwa amesikiwa, naye sasa alitaka kuitikiwa, na hamu hiyo ilimuuma kuliko wivu wake wote wa nyuma. Akiamshwa, mtoto huyu huitikia "abee mama" kwa kuvutavuta, macho bado kayafumba. Teodora akaita, akanyamaza kidogo kumwachia nafasi ya kuitikia, akaita tena.