Maji ya Nyuma ya Matete

Robine za maji za mtaa wa Mulongwe zilikuwa zimekauka kwa siku ya tisa, na tangu alfajiri Ciza alikaa ukingoni mwa ziwa na chupa ya klori na bomba la sindano lisilo na sindano. Wanawake walishusha bidoni za maji ya ziwa, akatia dawa, wakaenda zao. Wachache walimtazama. Alikuwa mgane, na mwaka wa pili sasa nyumba yake haikuwa na sauti ila ya bati likialika kwa jua.

Mtu mmoja tu alikuwa bado akimwita shemeji: Feza, mdogo wa marehemu mkewe, Marie-Rose. Kila Jumapili alimletea ugali na ndagala, dagaa wa ziwa hilo, sahani imefunikwa kitambaa. Lakini klori hakuitaka. Mvuvi alimchotea maji mbali, nyuma ya matete, penye maji ya buluu, kama watu wa mwambao huu walivyozoea.

“Shemeji, utilie hawa wanaochota mu matope,” alimtania. “Yangu iko safi.”

Muuguzi aliyempa klori alikuwa amemweleza Ciza vingine. Mvua zikinyesha milimani, mto hushusha udongo, ziwa lenye joto hugeuka kijani, na kijidudu cha kolera, ambacho makao yake ni humo humo ziwani, huzaana juu ya viumbe vidogo visivyoonekana. Vinaelea hata penye buluu.

Asubuhi hiyo Feza alipita na bidoni kichwani, mtoto mgongoni. Nyuma yake ziwa lilikuwa kijani hadi mbali.

“Feza, ngoja. Dada yako hakuuawa na chakula cha matanga kule Makobola.”

“Si weye uliniambia?”

“Hakukula kitu kule. Ni minye nilimuchotea mayi, nyuma ya matete. Ziwa lilikuwa hivi hivi. Nikamwambia, kunywa, iko safi.”

 Feza akashusha bidoni, akafungua kifuniko mwenyewe. Ciza akatia dawa, akamwambia asubiri nusu saa kabla ya kumnywesha mtoto.

“Aksanti, papa,” alisema Feza, kama anavyoambiwa mwanamume yeyote njiani.

Jumapili Ciza alifagia uwanja, akatoa kiti nje, akakaa mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia. Sahani haikuja.

Jumatatu bidoni ya Feza ililetwa ukingoni na jirani, kifuniko kimeshafunguliwa kwa ajili ya dawa.