Noti za Katikati

Ilianza Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naikazia macho pale ukutani ili nisimwangalie mwenye kibanda akilamba kidole gumba. Alilamba, akahesabu noti kumi, akalamba tena, halafu kwa kidole hichohicho akachukua andazi.

"Na wewe lamba," akaniambia. "Vidole vikavu vinapitisha noti mbili kama moja. Huko benki watakukata mshahara."

Nilikuwa wiki ya tatu pale mtaa wa Isevya, kwenye kibanda cha wakala ambako watu hutoa na kuweka pesa zao bila kufika benki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi ya mafunzo ya kukaa dirishani benki, ila chuo kilitaka barua yenye muhuri kwamba nimeshika pesa za watu mwezi mzima bila tatizo. Mwenye kibanda alisoma na mama yangu, ndiyo maana alinipokea. Bila muhuri wake nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Basi nikalamba. Ladha yake ni chumvi, na ugoro, na kitu kama kwapa. Sikujua kwamba pesa inanuka hivyo. Hizi za kwetu zinatoka kwa wauza dagaa, kwa warina asali, kwenye sidiria, kwenye soksi. Siku hiyo mbili zilikuwa zimegandana kwa asali, nilipozibandua nikakuta sisimizi wamekufa katikati. Nilishameza mate tayari.

Chini ya meza mwenye kibanda ana boksi la viatu. Humo anaweka noti mbovu zote anazopokea bila kuangalia vizuri. Asubuhi hiyo alijaribu kumpa moja kijana wa bodaboda, yule akaishika kwa ncha za vidole.

"Mama, hii umeitoa kaburini? Nipe inayopumua."

Mwenye kibanda alicheka, akambadilishia. Kijana alipoondoka akanigeukia. "Hawa wa mjini usiwape, watakurudishia tu. Wape wale wanaosema asante kabla hawajapokea."

Nilidhani anatania.

Saa sita akaja mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, na baiskeli yake. Alivua kofia kabla hajafika dirishani. Nikamwamkia shikamoo kwa ile sauti yangu ndogo ambayo hata darasani walimu walikuwa wakiniambia nirudie, yeye akaisikia mara ya kwanza. "Marahaba, binti. Poleni na kazi." Alitaka laki tano za kununua bati. Alisema nyasi za zamani ameshaziezua zote, mvua ikinyesha leo wajukuu watalowa.

Nilihesabu noti hamsini za elfu kumi. Kabla sijazifunga, mwenye kibanda akachomoa tisa, akaniwekea mkononi tisa kutoka kwenye boksi. Moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweusi. Mbili zina ukungu wa kijani. Nyingine zimelainika kama kitambaa cha kufutia meza.

"Pachika katikati," akaninong'oneza, huku anamtabasamia mzee.

Nikapachika. Ningeweza kuandika kwamba nililazimishwa, lakini hakuna aliyenishika mkono. Niliufikiria ule muhuri.

Mzee akapokea kwa mikono miwili. "Hesabu, mzee wangu," mwenye kibanda akamwambia, na hapo ndipo nilipomchukia, maana alijua jibu.

"Nikuhesabie machoni, mama? Kwani nimekukuta unaiba?"

Babu yangu alikuwa hivyohivyo. Kwa watu wa umri wao, kuhesabu mbele ya aliyekupa ni kumwita mwizi. Akatia pesa ndani ya shati, akashukuru mara mbili, akavaa kofia.

"Umeona?" mwenye kibanda akasema, akilamba kidole. "Una mkono mzuri wewe. Benki utafika mbali."

Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Jioni nilikula ugali kwa kijiko, mama akauliza kama nina kidonda mkononi. Nikasema hapana.

Alhamisi, saa mbili kasoro, nilimkuta mzee ameshafika, amekaa kwenye ngazi ya duka la jirani. Muuza bati alikuwa amezikataa noti tisa. Alizishika kando, zimekunjwa kwenye kipande cha gazeti.

"Samahani, binti," akaniambia. "Labda nimezilowesha kwa jasho. Jana jua lilikuwa kali."

Nilitaka ardhi inimeze. Mwenye kibanda alikuwa anafungua kufuli, hakugeuka hata kidogo. "Mzee, pesa ikishatoka dirishani hairudi. Na aliyekuhudumia ni huyu. Binti, hebu mwambie. Zilikuwa hivi?"

Watu watatu walikuwa wameshapanga mstari. Wote walinitazama. Masikio yaliniwaka moto.

"Zilikuwa hivi," nikasema. Hawakusikia, nikarudia. "Zilikuwa hivihivi. Nilizipachika katikati mimi, mama ukiniangalia."

Mzee alitazama kofia yake. Mwanamke wa nyuma akasema, "Makubwa haya," na akaanza kukagua pesa zilizokuwa kwenye pochi yake.

Mwenye kibanda aliingia ndani, akarudi na noti tisa safi, akazirusha dirishani bila kuzihesabu. Mzee akaziokota moja moja. Kisha mwenye kibanda akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Barua yako mwombe huyo akuandikie."

Nilichukua daftari langu na kanga yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa uani anachambua mchicha. Nilimweleza yote tangu lile boksi, na sehemu yangu sikuiruka, nikamwambia muhuri sitaupata. Akaendelea kuchambua. Nikakaa chini, nikavuta nusu ya mchicha upande wangu.