Msuli Uliomwangusha Babu

Fomu ya usaili ilikuwa na maswali ishirini na mawili, nami nilikwama kwenye la kumi na saba: je, kuna ugonjwa wa kurithi katika ukoo wako? Nafasi yenyewe ilikuwa ya askari wa wanyamapori, kazi ya kwanza kuniita tangu nimalize chuo miaka miwili iliyopita. Jumatano nilitakiwa kurudisha fomu, kisha nikimbie kilomita tano saa sita mchana. Mtu mwingine angeandika "Hakuna" na kuendelea na la kumi na nane. Mimi nilimpigia simu shangazi.

Shangazi anakaa Mutuka, na mtandao wa kwao huja na kuondoka. Nilimuuliza habari za ukoo, nikamweleza na zile mbio. Akanionya niwe mwangalifu sana, sauti ikikatikakatika.

"Babu yako alikuwa anakimbia hivyohivyo kwenye jua, msuli ukamwangusha. Na baba yake ulishamwangusha. Ni wa kurithi ule."

Simu ikakata.

Mimi nilijua misuli ya aina mbili tu. Kuna ule wa mkononi, ambao sina, na kuna kusoma kwa kukesha, ambako chuoni tulikuita kupiga msuli. Nikafanya ninachokiweza: nikapiga msuli kuhusu msuli.

Nilichokisoma kiliniogopesha kwa sababu kilikuwa cha kweli. Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu ndogo kwenye misuli, isiyoonekana kwa macho. Wanaishi vizuri tu mpaka siku wanapopewa dawa fulani za usingizi ili wapasuliwe. Hapo misuli inajikaza na kukataa kuachia, na mwili unachemka kama injini iliyoishiwa maji. Baadhi yao wanaweza kupatwa na balaa linalofanana na hilo wakikimbia au kufanya kazi ngumu kwenye joto: mwili unapanda moto hadi mtu anachanganyikiwa na kuanguka. Wataalamu wanasema si kila anayeanguka kwa joto ana misuli ya namna hiyo, na si kila mwenye misuli hiyo ataanguka. Sentensi hiyo niliisoma mara moja. Zilizotangulia nilizisoma mara tisa.

Kuanzia hapo niliishi kama siagi. Nilitembea mtaa wetu wa Nangara wote kwa upande wa kivuli. Nilinunua kipimajoto, nikajipima baada ya kufua, baada ya kula makande ya moto, na baada ya kusalimiwa na yule dada wa duka la dawa aliyeniuzia. Hiyo ya tatu ndiyo iliyosoma juu kuliko zote. Nilikuwa nimesoma pia kwamba mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi ni dalili mbaya, basi nikawa naingia chooni mchana kweupe na tochi. Mama aliniuliza kama kuna kitu nimedondosha mle.

Jumatatu nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo mwenye foleni ndefu mlangoni, alinisikiliza mpaka mwisho, pengine kwa sababu maelezo yangu yalikuwa na kurasa mbili. Hakunicheka. Alisema vipimo vya kuhakikisha viko mbali, lakini kuna maswali ya kuanzia ambayo hayahitaji maabara: nani katika ukoo alipasuliwa, na dawa ya usingizi ilimfanyaje? Nani alianguka kwa joto, na alikuwa akifanya nini? Akanikataza kuuliza kwa simu.

"Nenda ukakae na mzee," alisema. "Usimuulize jina la ugonjwa. Muulize kilichotokea."

Mzee aliyebaki ni bibi yangu, mama yake baba, anayeishi Bagara. Nilikwenda polepole. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia maziwa mgando. Kuhusu upasuaji alijibu bila hata kufikiri: yeye alimzaa baba yangu kwa kupasuliwa, baba mdogo alipasuliwa ngiri, na wote wawili waliamka wakiulizia chakula. Kidogo nikapumua. Kisha nikateremsha sauti, nikamuuliza kuhusu ile siku msuli ulipomwangusha babu.

Bibi aliinuka. Akaingia chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa, akatoka na kitambaa kirefu cha mirabamiraba ya kijani, akakitupa mapajani pangu.

"Msuli wenyewe huu hapa."

Nguo hiyo ya kujifunga kiunoni sisi nyumbani tunaiita kikoi. Bibi na shangazi wanaiita msuli. Ulikuwa wa baba yake babu, aliyejivunia kwamba msuli wake ni mrefu kuliko ya wenzake wote, mpaka ulipomwangusha siku ya Idi mbele ya wenzake haohao. Babu akaurithi, naye alikuwa mfupi zaidi. Mchana mmoja mbuzi aliingia kwenye mahindi yaliyoanikwa, babu akamkimbiza, akaukanyaga upindo na kulala kifudifudi juu ya mahindi. Mbuzi aliendelea kula.

"Nilimwambia aukate, akasema wa kurithi haukatwi," alisema Bibi. "Sasa na wewe unaumwa kitambaa?"

Alicheka hadi khanga ikamdondoka.

Jumatano, kwenye swali la kumi na saba niliandika "Hakuna", nikafikiri kidogo, nikaongeza "nimeuliza". Nilikunywa maji kama daktari alivyoniagiza, na nilikuwa tayari kusimama kichwa kikianza kuzunguka. Kilomita ya tatu nilihisi joto kali. Nikatazama kushoto na kulia: wote walikuwa wanahisi joto kali. Sijawahi kufurahia mateso ya watu kiasi kile. Nilimaliza katikati ya kundi, na wiki iliyofuata nikaitwa hatua ya pili.

Bibi alipiga simu kuuliza kama nimeanguka. Nilipomwambia hapana, akasema basi nikachukue msuli wangu, maana mrefu wa kuutosha nimebaki mimi tu.

Nilikwenda kuuchukua. Kabla ya kufika nyumbani nilipita kwa fundi cherehani.