Usimpime Mtu Akiwa Amelala

Iko siku moja ya kijijini kwetu Mtongwe, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka husimamisha kazi niliyonayo mkononi. Nimesikia umehitimu ushonaji na sasa wataka kufungua duka lako, nami nimefurahi hadi majirani wananiuliza nimepata nini. Kaa basi, unywe chai, uisikilize kabla hujaondoka, maana nakuona una haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado yuko, ingawa watu walishaanza kumtazama kama mgeni aliyekwisha kuaga. Mimi nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa mama na mwanangu wa kwanza mgongoni, na baba alikwisha kufariki. Talaka si aibu, lakini haipikiki ikalika. Basi pale skuli pakaanzishwa darasa la ushonaji la wanawake. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kikristo kutoka Freretown, Mwalimu Rebeka, mwenye kicheko kikubwa na subira kubwa zaidi. Tulipomaliza akanikabidhi mimi cherehani ya mkono, niwashonee wanawake wa kwetu. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba cherehani ifanye kazi. Ikikaa bure mpaka Idd, itapelekwa kijiji jirani cha Shika Adabu kwa mwanamke mwingine.

Ungeniona siku zile! Nilikuwa nikienda hata kisimani na futi shingoni, ule utepe wa kupimia, ili nisikie nikiitwa fundi. Jina hilo lilinilevya, mwanangu, nisikufiche.

Jirani yetu mmoja, Bi Nimwaka, alikuwa mzee sana na miguu ilikwisha kukataa. Mjukuu wake alikuwa aolewa, na binti yake, Mwanatumu, akataka mama avae gauni jipya siku ya harusi. Nikaitwa. Nikaingia na hodi nusu na shikamoo nusu. Wajukuu wawili wangeweza kumkalisha yule mzee wakamshika, lakini mimi nikaona huko ni kupoteza wakati. Nikatandaza futi yangu juu yake vivyo hivyo alivyolala, toka utosini mpaka unyayoni. Chumba kizima kikanyamaza. Mwanatumu akatoka nje ameshika kichwa. Nami, mjinga wa Mungu, nikadhani wamestaajabia ufundi!

Wewe umekulia mjini, huenda hukuliona hili. Kwetu anayepimwa amelala, toka kichwani hadi miguuni, ni maiti. Hupimwa kwa kamba, na kamba hiyo hupelekwa kwa wachimba kaburi.

Harusi ikapita, na baada yake Bi Nimwaka akafariki. Alikuwa mgonjwa, siku zake zilitimia, lakini nani angenisikiliza? Waliokuwa wameniagiza nguo wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Kisimani mwanamke mmoja akaniambia usoni kwamba futi yangu ina uchuro. Nikapandwa na hasira, nikawajibu wote kwamba ushamba umewajaa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi: tangu siku hiyo hata salamu zangu zikawa zajibiwa kwa shingo upande.

Ramadhani ikaingia, cherehani kimya. Mama akaifunika kwa leso yake kuukuu. Mwalimu Rebeka akaja, akaitazama, akanitazama, akasema kwa huruma kwamba yule wa Shika Adabu naye ana watoto. Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana niliumia.

Alasiri moja nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanasha, mwosha wetu, aliyewaosha wanawake wote waliokufa pale kwetu. Watoto wakimwona hujificha. Mama akamvutia kiti, akakataa kukaa.

"We Mishi," akaniambia, "Bi Nimwaka nimemwosha mimi. Kamba yake nimeikata mimi. Wewe hukumuua. Ajali ni ya Mungu."

Nikaangua kilio, maana hakuna aliyekuwa amenambia hivyo.

"Nyamaza, sikuja kukubembeleza. Yule mzee umemkosea. Mtu yu hai bado, macho yake yaona, nawe wampima hivyo mbele ya wanawe. Wafikiri yeye mwenyewe aliwaza nini pale kitandani?"

Mwanangu, hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Niliwaza wateja, nikawaza cherehani, nikajionea huruma mimi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilipokuwa nikimpima Bi Nimwaka alikuwa ameshika ncha ya leso yake, ameifinya, haachii. Niliona haya ambayo sijapata kuona tena.

"Nifanye nini, bibi?"

"Nenda kwa Mwanatumu ukamtake radhi. Usimtajie cherehani, wala usijitetee."

Nikaenda. Mwanatumu aliniacha nimesimama mlangoni, nami nikasema nililokuja kusema: kwamba nilimtia mamake hofu kwa haraka zangu, na kwamba najuta. Mwisho akasema, "Pita ndani, jua kali," tukakaa kitako tukalia sote wawili. Habari za nguo hazikutajwa, na nilipotoka nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni kwamba cherehani imekwenda.

Siku iliyofuata, wanawake wamejaa kisimani, nami nimo na futi yangu pindoni, Bi Mwanasha akaja na kitambaa kipya begani. Akasimama katikati yao wima.

"Haya, fundi, nipime. Kamba ya maiti naijua mimi kuliko nyote, na futi yako siyo."

Nikaitoa futi pindoni. Nikasema bismillahi, nikamuuliza, "Bibi, waniruhusu nikuguse bega?"

"Ruhusa. Na kiuno ukitafute polepole, kilipotea zamani hicho."

Mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, mpaka kisima kizima. Nilipomaliza niliinua macho nikamwona Mwanatumu amesimama mbele yangu, bado amevaa huzuni ya mamake. Akanyoosha mikono yake pande mbili, akasema, "Na mimi."

Cherehani ile haikuondoka kwetu. Hata mwenzangu wa Shika Adabu alipatiwa yake baadaye na Mwalimu Rebeka, na tukawa marafiki.

Sasa nasaha yangu ni hii. Utafika kwa watu na ujuzi mpya, na ujuzi ni neema. Lakini usimguse mtu kabla hujamwamkia ukaitikiwa, ukamwomba ruhusa. Ukiona watu wamenyamaza ghafula, simamisha mkono wako uulize. Kuuliza si ujinga. Desturi usiyoijua usiiite ushamba. Na ukikosea, usikimbilie kuokoa kazi yako. Mwendee kwanza uliyemuumiza, hata kama kazi itapotea, maana kazi hupatikana nyingine.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mtamu, akufungulie milango ya halali, na kila atakayevaa ulichoshona akutakie heri. Nenda, mwanangu. Radhi zangu zote unazo.