Nafasi anazoacha mwenye besi

Kadi ndogo ya simu ilitufikia kutoka kambi ya Lusenda. Mkimbizi mmoja wa Burundi, aliyekuwa akifundisha muziki kwao, alimpa bwana yangu alipokuwa anajiandaa kurudi Burundi. Ndani mlikuwa na nyimbo za Mmarekani mmoja mweusi, marehemu sasa, mpiga besi na mtunzi mkubwa wa jazi. Mkimbizi alituambia kwamba mtu huyo alipenda kuwafundisha wenzake kwa mdomo, anawaimbia mpaka wanashika, bila karatasi. Bwana yangu alifurahi sana. Yeye ndiye anapiga besi katika kwaya yetu hapa Baraka, na sisi pia tunashika nyimbo kwa mdomo, kwa kuwa noti hatujui kusoma.

Mimi niliishia darasa la sita, na jazi sikuwahi kuisikiliza, kwa hiyo ninayoandika juu ya muziki huu yanaweza kuwa makosa. Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba Jumapili, baada ya ibada, simu imeunganishwa na bafle, spika ndogo, tunachukua wimbo mmoja na kuurudia. Wa kwanza ulinitisha. Besi ilianza peke yake, chini kabisa, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba ambayo unajua haina mtu. Halafu vyombo vyote vikaingia pamoja, na mwenye besi akawa anawapigia wenzake kelele, anacheka, anakimbiza wimbo, ghafla anapunguza mwendo mpaka unafikiri umeharibika. Kulikuwa na mwingine wa polepole, wa kumlilia rafiki. Huo niliupenda, lakini sikutaka uendelee wakati jua linashuka.

Kila mara bwana yangu aliweka kiganja juu ya bafle. Nilifikiri ni utamu wa muziki.

Siku hizo watu walikuwa wanamlalamikia. Bamama wa sokoni waliniambia, "Bwana yako anaringa. Tunamusalimia, anapita tu kama gavana." Kwenye mazoezi alimgeukia mpiga solo: "Ndugu, ongeza sauti! Gitare yako iko na njaa?"

"Ee papa, nikiongeza tena, mabati itaruka!"

Wote wakacheka. Yeye pia alicheka, baada yetu kidogo, akitazama midomo yetu.

Jumapili moja tukafika kwenye wimbo ambamo besi inasemezana na chombo cha kupuliza chenye sauti nyembamba. Jina lake silijui. Wengine wote wamenyamaza, wanabaki hao wawili tu, wanagombana. Kile chombo kinapiga kelele kama mwanamke aliyefungiwa mlango, besi inanung'unika. Nilicheka mpaka machozi. Niliona ni sisi wenyewe siku mafuta ya kupikia yamekwisha.

"Mama," akaniuliza, "juu ya nini anaacha nafasi mingi hivi? Anapiga kidogo, ananyamaza. Anangojea nani?"

Alipokuwa anauliza, kile chombo kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote.

"Papa, ule mwingine haumusikie?"

"Mwingine wapi? Iko peke yake."

Nikainuka kama mtu anayekwenda kuanua nguo. Nikiwa nyuma yake nikasema, kwa sauti yangu ya kila siku, "Simama." Hakugeuka. Nikarudia kwa nguvu. Jirani akachungulia juu ya ua: "Unasimamisha nani, mama?" Bwana yangu aliendelea kutikisa kichwa kufuata besi.

Neno hilo lilinijia kwa sababu ya bariere, kizuizi cha wenye silaha. Shamba letu la mihogo na karanga liko upande wa Lubondja, na yeye hupanda huko kila wiki na kinga yake, baiskeli ya zamani, peke yake. Njiani kuna kamba imevutwa. Kila mtu anajua: ukisikia sauti, unashuka, unabaki palepale mpaka uitwe. Wanaokaa pale wanabadilika. Sitaandika ni watu wa nani, maana nikikosea nitakuwa nimewasingizia. Wengine wana adabu. Wanajificha katika majani marefu kwa kuwa na wao wanaogopa. Lakini mwaka huu mchoma makaa mmoja alipigwa risasi pale, akafa. Wao walisema aliitwa mara nyingi. Familia ilisema hakuitwa. Mimi sikuwepo.

Nikamkalia mbele, nikamuuliza wazi. Alikuwa anajua. Ni tangu kiangazi, siku kitu kilipoanguka karibu na shamba na kupasuka. "Ndege sibasikie tena. Ngoma, besi, ninasikia. Wewe nikikuangalia mudomo, ninakusikia."

"Na ku bariere?"

"Ninabaona."

"Na siku hautabaona?"

"Usiseme kwa mutu. Kwaya bakijua, besi batapatia mwingine. Na kule juu, ukisema hausikie, banasema unajifanya."

Sikuahidi kitu. Nilipima maneno yake na yalikuwa na uzito: shamba ndilo linatulisha, na amepita pale miezi yote hii akarudi. Labda ni hofu yangu tu. Lakini wiki ile nilikwenda naye.

Asubuhi, tulipokaribia kamba, sauti ya kijana ikatoka majanini kwa Kilingala: "Telema!" Yaani simama. Bwana yangu akaendelea kusukuma kinga. Nikakamata shati lake, kinga ikaanguka. Kijana akatoka, bunduki ikitutazama.

"Papa, kichwa nguvu! Nimeita mara ngapi?"

Bwana yangu akamtazama mdomo, akitabasamu vile anavyowatabasamia watu wote sasa.

"Unanicheka?"

"Hasikie," nikasema. "Bwana yangu ni kiziwi."

Bamama waliokuwa wanangoja na vikapu vyao wakanigeukia. Wawili ni wa kwaya yetu. Yeye alilisoma neno kwenye mdomo wangu. Kijana akapita nyuma yake, akakoki bunduki karibu na kisogo chake. Chuma kililia. Bwana yangu aliendelea kunitazama mimi.

Mwenzake aliyebaki majanini alicheka. Kijana hakucheka. "Piteni. Lakini sisi tunabadilishwa leo. Bale banakuja, utabaambia mwenyewe, mama."

Shambani tulichimba mihogo. Saa za kurudi alifunga mizigo, akachukua ncha ya kitenge changu, akaifunga kwenye usukani wa kinga. "Wewe pita mbele," akasema.

Tulipofika, kamba ilikuwa imevutwa na hatukuona mtu. Nikasimama mapema, nikainua mikono yote miwili. Kitenge kikalegea nyuma yangu, naye akasimama. Majani yakatikisika. Tukangoja waseme.